Benchi moja, watoto watano



Kuna swali ambalo wazazi wetu wa hapa Goma wanaulizana sana kisha ibada, wakiwa njiani kurudi nyumbani. Je, ni heri shule ya watoto wachache wanaofundishwa vizuri, ao shule ya watoto wengi wanaofundishwa vibaya? Wengi wanajibu mbio: heri wachache. Tuliangalie jibu hilo mbele ya Mungu, maana lina uzito.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi ilikuwa ingali Zaire, mshahara wa mwalimu ulikuwa umekufa. Walimu waligoma, shule zikafungwa. Wazazi wakakubali kutoa pesa zao kusudi mwalimu asiache ubao, na pesa hizo zikaitwa prime. Ilikuwa dawa ya siku chache, lakini ilikaa zaidi ya miaka 25. Kila mtu aliyesoma wakati huo anakumbuka asubuhi ile direkta alipoingia darasani na karatasi ya majina. Aliyesikia jina lake alikusanya madaftari na kutoka. Mtoto huyo hakukopa kitu kwa mtu. Deni lilikuwa la baba yake, na kusema kweli lilikuwa la Serikali, lakini mwenye kusimama nje ya kipango ni mtoto.

Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilikaa kwenye karatasi mpaka Septemba 2019, ndipo lilianza kutendeka. Watoto wakaja. Wakaja hata wa miaka 10 ambao hawajashika kalamu. Darasa la watoto 50 likapokea 80, na pengine zaidi ya 100. Benchi ya wawili ikakaliwa na wanne, watano. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha madaftari 100 kila jioni. Na walimu wengi, wale wanaoitwa NU, walifundisha wakati majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara. Ndipo wazazi wenye uwezo walipohamisha watoto wao katika shule za watu binafsi, wakisema: zamani masomo yalikuwa mazuri.

Ndugu zangu, hapa tuwe waangalifu. Tunaposema zamani masomo yalikuwa mazuri, tunahesabu nani? Tunahesabu waliobaki ndani. Yule aliyekuwa anasukuma chukudu, yule aliyekuwa anateka maji ya ziwa na bidoni ya manjano kwa kuuza, hakufanya egzame, kwa hiyo hakuanguka. Shule inayofukuza wanaoshindwa kulipa itaonekana nzuri siku zote, kwa sababu ujinga wote imeuacha barabarani, na barabara haitoi bulteni. Katika Luka 15 Bwana Yesu anasema juu ya mchungaji mwenye kondoo 100. Mchungaji yule hakusema kundi lake limekuwa zuri zaidi kwa sababu limebaki 99.

Kwetu sisi Wakimbangu jambo hili si geni. Wakati wa mateso, tangu Papa Simon Kimbangu alipokamatwa mwaka wa 1921, watoto wa waamini wetu walikuwa wakifukuzwa katika shule za misioni kwa sababu ya imani ya wazazi wao. Shule zetu zilizaliwa kwa machozi ya watoto wale. Kisha, kwa mapatano ya mwaka wa 1977, zikaingia katika shule za Serikali zinazoongozwa na makanisa. Basi Mkimbangu akiona mtoto amefukuzwa darasani, haoni mtoto wa jirani tu. Anaona mwanzo wa shule yake.

Lakini upande wa pili nao una haki yake, nami sitauficha. Kukaa kwenye benchi si kusoma. Mtoto akifika darasa la 6 hajui kusoma barua ya mama yake, tumemdanganya miaka sita, na uongo huo una muhuri wa shule. Hapa mjini shule zimeteswa kupita kiasi. Moto wa Nyiragongo ulimeza baadhi yake Januari 2002. Wakimbizi wa vita walilala katika madarasa. Januari 2025 vita viliingia ndani ya mji, mabenki yakafungwa, na mwalimu mwenye mshahara akakosa mahali pa kuupokea. Yakobo anasema katika sura ya 5 kwamba mshahara uliozuiwa unapiga kelele masikioni mwa Bwana. Mwalimu naye ana watoto.

Kwa hiyo wengine wanasema: turudishe prime, yote yatatengenea. Mimi sikubali. Prime ilifundisha Serikali kusahau deni lake, na ilifundisha mwalimu kuangalia mfuko wa mzazi kabla ya kuangalia daftari la mtoto. Kutoka hapo kwenda kwenye pointi za kununuliwa ni hatua fupi, na wengi waliitembea. Tena pointi ya kununuliwa ni wizi: anaibiwa mwenzake aliyekesha na koroboi.

Je, tumwache mwalimu na njaa? Hapana. Ila kuna kusaidia kwa namna mbili. Mama akipeleka kikapu cha maharagi kwa mwalimu wa mtoto wake, hata kwa moyo safi, amefunga mikono ya mwalimu siku ya kutoa pointi. Lakini parokia ikikusanya kwa nsinsani na kuwapa walimu wote wa shule, mbele ya watu wote, hakuna mtoto aliyenunuliwa. Chakula ni kilekile, lakini hakimfungi mtu. Na deni la Serikali tuendelee kulidai kwa sauti, hata tukiwa tunasaidia, maana anayemwokoa mtoto wa mdeni hajafuta deni.

Kuna pia kazi isiyo na bei. Katika parokia zetu tuna vijana wa humanité wanaokaa bure mchana wote wa Jumapili. Kijana mmoja na watoto watano, saa moja ya kusoma kwa sauti: mwalimu mwenye watoto 100 hawezi kuwapa saa hiyo hata akilipwa mara mbili. Upendo, Amri, Kazi: tunayataja kila mara, na hapa kazi iko mlangoni.

Linabaki jambo ambalo sijui tutalifanya namna gani. Masomo ya bure yanaishia darasa la 6. Binti aliyesukumwa mpaka hapo na nguvu za wote anakuta minervali ya sekondari inamngojea mlangoni, na direkta wa zamani mwenye karatasi ya majina amegeuka kuwa prefe. Wazee wa parokia wangelizungumza kabla ya Septemba.