Kovu Si Ugonjwa

Somo: Mathayo 13:24–30

Watumwa wa mfano huu walikuwa na bidii, ila mikono yao ilitangulia macho. Walitaka kung'oa magugu papo hapo. Mwenye shamba akawazuia, ngano isije ikang'oka pamoja nayo.

Madaktari wa uvimbe wa ubongo wanaujua mtihani huo. Miezi kadhaa baada ya tiba ya mionzi, picha ya MRI huweza kuonyesha doa linalong'aa palepale palipokuwa na uvimbe. Huenda ugonjwa umerudi. Huenda pia ni nyama iliyokufa kwa mionzi ileile iliyomtibu mgonjwa. Kwa macho, viwili hivi hufanana.

Hapo husaidia kipimo cha PET. Mgonjwa hudungwa dawa inayofanana na chakula cha seli, iliyotiwa mionzi kidogo, kisha mashine hufuatilia imenyonywa wapi. Mwaka 1976, huko Philadelphia, Marekani, watu wa kwanza walipigwa picha ya ubongo kwa sukari yenye florini-18, ambayo mionzi yake hupungua nusu kila dakika 110. Uvimbe ulio hai hula. Kovu halina njaa. Lakini ubongo wenye afya nao ni mlaji mkubwa wa sukari, hivyo ugonjwa huweza kujificha katikati ya uzima. Ndiyo maana madaktari hutumia pia asidi amino, ambazo ubongo wenye afya huzinyonya kidogo tu. Hata hapo hawaharakishi: shaka ikibaki, hukata kipande kidogo cha nyama wakakipima.

Nasi tunao ndugu waliotubu. Aliyeacha pombe anakaa kimya, anakwepa watu, anakasirika ghafla, tunasema, "Amerudia." Pengine tumeona kovu. Wala tusimpime kwa kuja ibadani na kutoa sadaka, maana anayepona na anayeumwa wote huyafanya hayo. Tuulize moyo wake unakula nini sasa: anakaa na nani, akihuzunika anakimbilia wapi. Majibu hayo hayapatikani kwa kumtazama kwa mbali.

Juma hili, kabla hujalitaja jina la mtu kwenye kikao cha wazee au katika jumuiya, nenda kwanza nyumbani kwake. Ukikuta ugonjwa, msaidie apate tiba. Ukikuta kovu, mshukuruni Mungu pamoja.