Anayeondoka Anadaiwa Nini?



Leo nataka tuulizane swali moja ambalo halihubiriwi sana. Ukishawaambia watu kwamba unaondoka, lakini siku ya kuondoka bado haijafika, unadaiwa nini? Nazungumzia kile kipindi cha katikati. Barua umeshaandika, lakini meza ni yako bado. Watu wanakusalimia kama kawaida, lakini macho yao yameanza kumtafuta atakayekuja.

Na kabla hujamnong'oneza jirani yako hapo kwenye kiti: hapana, Askofu hajasema anaondoka. Tulieni.

Kisa nitakachotumia ni cha watu walio mbali na sisi, okestra ya Berlin, Ujerumani, inayoitwa Berliner Philharmoniker. Kwa ambaye hajawahi kuona okestra, fikiria kwaya yetu, lakini badala ya waimbaji kuna wapiga vyombo zaidi ya mia moja: vayolini, filimbi, tarumbeta, ngoma kubwa. Kila mmoja ana karatasi yake ya muziki. Mbele yao anasimama mtu mmoja mwenye kijiti mkononi. Huyo huitwa kondakta, lakini ondoa matatu akilini mwako, huyu hadai nauli. Kazi yake ni kuwaonyesha lini waanze, lini wapunguze, lini wapande. Na kati ya watu wote walio jukwaani, yeye peke yake hatoi sauti yoyote. Kijiti hakilii. Wapigaji wakiamua kutokifuata, yeye ni mtu anayepungia hewa mkono.

Okestra hii ilizaliwa kwa ugomvi. Mwaka 1882 wanamuziki 54 walimwacha bosi wao, Benjamin Bilse. Husimuliwa kwamba kilichowachosha kabisa ni mpango wa kuwasafirisha kwenda kupiga muziki Warsaw kwa behewa la daraja la nne. Wakaanzisha chao. Mpaka leo wachezaji wenyewe ndio wanaompigia kura kiongozi wao mkuu. Hawaletewi mtu kutoka juu.

Mmoja wa viongozi hao, Herbert von Karajan, alikaa tangu 1955 hadi 1989. Hiyo ni miaka 34. Baada yake akaja Claudio Abbado, na baada ya Abbado akachaguliwa Simon Rattle, Mwingereza mzaliwa wa Liverpool. Rattle alianza kazi mwaka 2002. Kisha Januari 2013 akawaambia wachezaji kwamba mkataba wake ukiisha mwaka 2018 hataongeza mwingine. Wakati huo atakuwa anakaribia miaka 64, na atakuwa amewaongoza miaka 16. Angalieni tarehe hizo vizuri. Alisema miaka mitano kabla.

Mimi nilisomea biashara chuoni, na nawaambia wazi kwamba mtu wa biashara akisikia hivyo anashika kichwa. Miaka mitano! Ukitangaza mapema hivyo umejikata miguu. Nani atakuogopa? Sisi Wakenya tunalijua jambo hili. Kiongozi akiingia muhula wa mwisho, watu wanaanza kuhesabu kura za mwingine. Aliyekuwa anakungoja nje ya ofisi saa tatu nzima, sasa hashiki hata simu yako.

Na mambo yalizidi kuwa magumu. Mei 2015 wachezaji wa Berlin walikusanyika kumchagua mrithi. Walikutana wapi? Ndani ya kanisa, Jesus-Christus-Kirche, katika mtaa wa Dahlem. Walikaa humo saa 11, wakabishana, wakapiga kura, wakatoka bila jina. Wale mnaokaa kwenye kamati za kanisa najua mmetabasamu. Mwezi uliofuata wakakutana tena, wakamchagua Kirill Petrenko, mzaliwa wa Omsk, Urusi. Kwa hiyo kuanzia Juni 2015 mrithi alijulikana dunia nzima, na Rattle alikuwa bado na miaka mitatu ya kusimama pale mbele.

Si hilo tu. Septemba 2017 Rattle alianza kazi yake mpya, kuongoza London Symphony Orchestra. Miezi miwili baadaye, Novemba 2017, akasafiri na watu wa Berlin kwa ziara ndefu ya Asia. Walipita Hong Kong, Guangzhou, Wuhan, Shanghai, Seoul, Kawasaki na Tokyo. Sasa jiweke kwenye viatu vya mpiga vayolini wa safu ya nyuma. Umechoka na ndege. Umelala hoteli ya tano. Mbele yako kuna mtu ambaye unajua anaondoka, unajua anayemrithi, na unajua ameshapata kazi kwingine. Hawezi kukupandisha cheo. Hawezi kukutisha. Kwa nini ukifuate kile kijiti?

Na yeye je? Kwa nini ajisumbue? Angeweza kubeba nyimbo ambazo okestra ile inazijua hata usingizini, apigiwe makofi, arudi nyumbani. Simfoni ya nne ya Brahms walikuwa nayo, na hiyo wameicheza vizazi na vizazi. Lakini walibeba pia kazi mpya kabisa ya Unsuk Chin, mtunzi mzaliwa wa Korea Kusini anayeishi Berlin. Ilikuwa imechezwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi ule ule. Kazi mpya haina njia ya mkato. Ni mazoezi, ni kuhesabu, ni kukosea mbele ya wenzako na kurudia. Halafu Lang Lang, mpiga piano maarufu aliyetarajiwa kwenda nao, akawa ameumia mkono wa kushoto. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa miaka 23, Seong-Jin Cho, ambaye ni Mkorea. Kijana huyo akaketi kwenye piano mbele ya watu wa nyumbani kwao Seoul, na okestra ya Berlin nyuma yake.

Hiyo ndiyo ziara ya mtu anayeondoka. Kazi mpya inafundishwa, na kijana anapewa kiti.

Simwiti Rattle mtakatifu. Alilipwa kwa kazi yake, na London alikuwa anasubiriwa. Ninachosema ni kwamba alikuwa na kila kisingizio cha kulegea, na kazi iliyopelekwa Asia haikuwa kazi ya mtu aliyelegea.

Sasa turudi kwa swali letu. Wazee wetu walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ni methali nzuri, lakini hebu tuitazame kwa makini. Sababu inayotoa ni gani? Ni kwamba utawahitaji tena. Ondoka vizuri, maana kesho unaweza kurudi kuomba barua ya kukusifu. Ondoka vizuri, dunia ni ndogo. Haya, na je, uzazi ukikoma? Mama amezaa mtoto wa mwisho na hatamhitaji mkunga tena maishani mwake. Sasa ana ruhusa ya kumtukana?

Kila mmoja wetu anajua jibu ni hapana. Lakini angalia, tukijibu hapana tumekubali kwamba wema wetu kwa mkunga haukuwa malipo ya huduma ijayo. Kuna kitu tunamdai na tunadaiwa ambacho hakiishi pale faida yetu inapoisha. Ndiyo maana kile kipindi cha katikati kina maana sana. Kabla ya kutangaza, hujui kama unafanya kazi kwa sababu unaipenda au kwa sababu unaogopa kufutwa. Ukishatangaza, hofu inaondoka, cheo kinaondoka, na tumaini la kuongezwa mshahara linaondoka. Kinachobaki ndicho kilichokuwa chako tangu mwanzo.

Kwangu mimi, kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Wacha niwaambie.

Kabla ya kuingia kwenye huduma nilifanya kazi katika kampuni moja Nairobi, nikishughulika na madeni ya wateja. Nilipopata kazi nyingine nikaandika notisi ya mwezi mmoja. Mwezi ule, wapendwa, niliuiba. Nilikuwa nafika saa tatu badala ya saa mbili. Chai ya saa nne ilikuwa inafika hadi saa tano. Mteja akiuliza jambo gumu namwambia apige Jumatatu, na najua vizuri Jumatatu hiyo sitakuwepo. Ile orodha ya nani amelipa nini, niliyoielewa mimi peke yangu, sikumfundisha mtu.

Aliyechukua meza yangu alikuwa dada mdogo aliyetoka chuo mwaka uleule. Wiki tatu baadaye alinipigia usiku. "Kaka, huyu mteja anasema alikulipa. Risiti iko wapi?" Alikuwa analia, kwa sababu walikuwa wamemwambia pesa isipopatikana itakatwa kwenye mshahara wake. Nilijaribu kumwelekeza kwa simu, lakini mengine nilikuwa nimeshasahau. Na wakati huo nilikuwa nimeokoka. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi ya saa saba pale ofisini.

Sikumtukana mkunga. Nilimwachia dada wa watu azae peke yake.

Kwa hiyo nadhani anayeondoka anadaiwa mambo mawili. La kwanza ni ukweli, na kwa wakati wake. Rattle kusema mapema kulimpunguzia nguvu, ni kweli, na wasomi wenzangu wa biashara wana haki ya kutahadharisha. Pia kuna mahali ambapo kusema mapema kunaweza kukufanya ufukuzwe kesho yake, na hapo tumia busara. Lakini nguvu aliyopoteza yeye ilienda wapi? Ilienda kwa wachezaji. Walipata muda wa kukaa kanisani saa 11, wakose kuelewana, warudi tena wachague. Kama angesema miezi sita kabla, wangechagua kwa hofu. Kiongozi anayeficha siku yake ya kuondoka mara nyingi husema anailinda nyumba, kumbe analinda kiti.

La pili ni kazi kamili hadi siku ya mwisho, pamoja na ile ambayo matunda yake hutayala wewe. Unapomfundisha mtu kazi mpya wakati unafunga mizigo, unamaanisha kwamba kazi ni kubwa kuliko wewe. Mzee Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akataka hesabu: kama kuna mtu aliyemdhulumu au kumnyang'anya ng'ombe wake, aseme. Hiyo ni makabidhiano ya kweli. Alifungua vitabu mbele ya watu wote, na mfalme mpya yuko palepale anasikiliza.

Na anayebaki naye ana deni. Msimfanye anayeondoka kuwa marehemu kabla hajatoka mlangoni. Wachezaji wa Berlin walikuwa wameshapiga kura, mioyo ya wengi ilikuwa kwa Petrenko, lakini kijiti kilipoinuliwa Tokyo walikifuata. Hilo pia ni uaminifu, na halipigiwi makofi.

Juni 2018 Rattle aliaga ukumbini Berlin kwa simfoni ya sita ya Mahler, ile ile aliyoiongoza mara ya kwanza kabisa alipokutana na okestra hiyo mwaka 1987. Petrenko alianza Agosti 2019. Kwa hiyo zaidi ya mwaka mzima hawakuwa na kiongozi mkuu. Nyumba haikuanguka. Waliendelea kupiga muziki na viongozi wageni. Nadhani hicho ni kipimo kizuri cha aliyeondoka: wanaobaki wanaweza kungoja bila kuogopa.

Nimalizie na langu. Darasa la vijana la Jumamosi nimeliongoza miaka saba. Mwezi uliopita niliwaambia kwamba mwaka ukiisha nitalikabidhi. Nimewaomba wachague wenyewe majina mawili wayapeleke kwa Askofu, na mimi sitapendekeza mtu. Baadhi ya wazazi wameniuliza kama nimeudhiwa. Sijaudhiwa. Ni wakati wao.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kwa sababu ya mvua, nikakuta wameshaanza bila mimi. Kijana mmoja alikuwa mbele anafundisha, na wenzake walikuwa wanacheka na kuandika. Nilisimama mlangoni kidogo. Sehemu moja ya moyo wangu ilifurahi. Sehemu nyingine, nawaambia ukweli, haikufurahi hata kidogo. Ilitaka kuona kama wameniona.

Nimebakiwa na Jumamosi kumi na moja. Niombeeni zote nizifike nimejiandaa, hata ile ya kumi na moja. Na wewe unayesoma, kama kuna mahali umeshaaga lakini hujatoka, iwe kazini, kwenye kamati, kwenye chama au nyumba ya kupanga, Jumatatu nenda ukaketi na yule atakayebaki. Mwonyeshe risiti ziko wapi.