Dhulma ya Kazini na Ulimi wa Aliyedhulumiwa

Hapana ajuaye uzito wa tusi kama yule atukanwaye na mtu aliyeshika riziki yake. Mnyapara humwita karani kwa jina la dhihaka mbele ya wachukuzi, humpa kazi ya watu watatu, kisha humcheka kwa kutoimaliza. Karani hunyamaza. Akiulizwa kwa nini hashitaki, hutoa majawabu mawili: kwamba kumsema mtu ni kusengenya, na kwamba atafukuzwa.

Jawabu la kwanza halina nguvu. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alizihisabu katika Riyadh as-Salihin sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye mamlaka ya kumwondolea dhulma. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka wake. Amwachaye mkubwa wa kazi, akamsimulia mnyapara barazani kila jioni penye kahawa, huyo hakushitaki bali amesengenya, na dhulma yake haikupungua hata chembe. Ajabu ni kwamba wengi waogopao dhambi katika kushitaki hawaiogopi hii.

Jawabu la pili ndilo zito, wala si haki kumcheka alitoaye. Huambiwa ya kuwa Mwenye kuruzuku ni Mungu. Na ni kweli, ila neno hilo ni jepesi kinywani mwa aliyeshiba. Na litazamwe jambo lililotokea Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara wa Zabid, katika nchi ya Yaman, alimwuzia bidhaa Al-As bin Wail, naye akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea pale. Akapanda jabali la Abu Qubais, akainadi dhulma yake mbele ya Makureshi. Ndipo baadhi yao wakakutana nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, wakaapa kiapo cha Hilf al-Fudhul, kwamba watakuwa pamoja na aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Mtume s.a.w. alihudhuria akiwa kijana, na hata baada ya kuja Uislamu alikisifu.

Lakini mgeni yule mali yake ilikuwa imekwisha kwenda, na karani angali ana cha kupoteza. Kwa hiyo halazimiki kupanda jabali siku ya kwanza. Na aandike siku, maneno yaliyosemwa, na waliokuwapo. Kisha ampelekee mkubwa kwa barua, nakala ibaki kwake. Katika Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 46, haihisabu mashitaka ya mfanyakazi kuwa sababu ya haki ya kumfukuza, ila yakithibitika kuwa ya ovyo yasiyo na msingi. Na kifungu cha 47 humpa aliyefukuzwa miezi mitatu ya kumwendea afisa wa kazi. Sheria hiyo ni ngao, ingawa hailipi kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Tena walioapa nyumbani kwa Ibn Jud'an si wao waliodhulumiwa. Wachukuzi waliosikia matusi yale wataitwa ofisini kuulizwa. Aya ya 283 ya Surat Al-Baqara imekataza kuficha ushahidi, nao pia wana kodi za kulipa.