Kuheshimiana na Kukubaliana Si Kitu Kimoja

Watu wengi hudhani kuwa mtu hawezi kumheshimu mwenye dini nyingine ila akiri kwanza kuwa dini zote ni sawa. Dhana hii si ya jana, na mmoja katika walioieneza sana ni mtawa wa Kihindu, Swami Vivekananda wa Calcutta.

Tarehe 11 Septemba 1893, naye ana umri wa miaka 30, alisimama mbele ya Baraza la Dini za Dunia mjini Chicago. Aliwaita wasikilizaji wake ndugu, ukumbi ukaitika kwa makofi. (Katika baraza hilo hilo Uislamu ulisemewa na Mmarekani aliyesilimu, Mohammed Alexander Russell Webb, mtu ambaye sisi wenyewe twamsahau.) Mtawa aliwaambia kuwa dini zote ni njia ziendazo kwenye ukweli mmoja. Mwaka 1894 akaanzisha Jumuiya ya Vedanta mjini New York.

Ama Vedanta aliyoifundisha yasema kuwa nafsi ya mwanadamu, katika asili yake, na Mungu ni kitu kimoja. Sasa tupime. Muislamu asema kuwa Muumba si kiumbe, wala kiumbe hawi Muumba. Akijibiwa, "Nawe wasema kweli, ila ungali katika daraja ya chini, utapanda," je, huyo ameheshimiwa? Mimi naona hata kusikilizwa hakusikilizwa. Mtawa alidhani amemkaribisha kila mtu. Kumbe alimpangia kila mmoja chumba katika nyumba yake yeye, na ghorofa ya juu akajiwekea mwenyewe. Anipingaye waziwazi ameyapima maneno yangu, na hiyo ni heshima kubwa zaidi.

Lakini insafu yataka tuseme na la upande wa pili. Huko huko Chicago, tarehe 20 Septemba, aliwalaumu Wakristo kwa kupeleka wahubiri India na kujenga makanisa, na hali watu wafa kwa njaa. Wala hayakuwa maneno ya ukumbini tu. Aliporejea kwao aliunda Ramakrishna Mission mwaka 1897, kwa jina la mwalimu wake, na tauni ilipoipiga Calcutta mwaka 1899, wafuasi wake waliingia vichochoroni kusafisha uchafu. Kazi hiyo haikumtaka mwenye kushika ufagio akubaliane na mwenye nyumba juu ya nafsi na Mungu. Katika hili sina la kumpinga mtawa, ingawa hoja yake ya Chicago naikataa vile vile.