Ninyi Mnaotaka Kuwa Jiwe

Wajukuu wangu, huwa nawasikia mkiongea pale ufukweni Baraka. Mmoja anasema, "Mimi sijali tena, moyo wangu ni jiwe," na wenzake wanamwona amekomaa. Mwingine, huyu msomaji wetu, alinieleza kwamba mtu akifikia hekima ya juu hahuzuniki, hafurahi wala haogopi, na akili yake inafanya kazi bila kelele. Nikamwuliza: huyo asubuhi ataamka kwenda wapi? Akacheka, lakini jibu sijalipata mpaka leo.

Najua hamu hiyo inatoka wapi. Aliyezaliwa kambini Nyarugusu, akarudishwa kwa meli kutoka Kigoma, akakuta shamba la babu limekuwa pori, kisha akasikia risasi tena, atakosaje kutamani moyo usiouma?

Lakini mtu asiyehisi amekwisha kuonekana. Daktari Antonio Damasio aliandika mwaka 1994 habari za mgonjwa aliyemwita Elliot, aliyeondolewa uvimbe kichwani na sehemu ya mbele ya ubongo wake ikaharibika. Akili ilibaki nzima: mitihani aliyopewa aliifaulu. Hisia ndizo zilizotoweka, hata akawa anasimulia balaa lake kana kwamba ni la jirani. Je, alifanikiwa? Kazini aliweza kumaliza mchana mzima akiwaza karatasi azipange kwa tarehe au kwa ukubwa. Kila njia kwake ilikuwa sawa na nyingine, basi hakuna iliyomvuta. Kazi ikamponyoka, mali ikaisha, ndoa ikavunjika.

Mtasema huyo ni mgonjwa, si mwenye hekima. Haya. Marcus Aurelius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, alifuata falsafa ya kutotawaliwa na hasira wala hofu, na miaka mingi ya utawala wake aliimaliza vitani mpakani. Buddha naye, wafuasi wake husimulia, baada ya kupata mwanga alizunguka akifundisha miaka 45. Mmoja alisukumwa na wajibu, mwingine na huruma. Walichokipunguza ni pupa na woga wa kusemwa, na hayo hata mimi nawaombea mpungukiwe.

Hapa kwetu Kivu ya Kusini tuna mfano wa Daktari Denis Mukwege. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera aliyoiongoza ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanza upya katika hospitali ya Panzi, Bukavu. Oktoba 2012 wenye silaha wakamvamia nyumbani kwake. Mfanyakazi wake akauawa, yeye akaenda Ulaya na familia. Angeweza kubaki huko, nani angemlaumu? Ila wanawake wa kisiwa cha Idjwi, watu wa kuhesabu kila franga, wakauza mazao yao wamchangie tiketi ya kurudi. Januari 2013 akarudi. Tuzo ya Nobel ilikuja baadaye, mwaka 2018. Jiwe lisingerudi kwa ajili ya vitunguu na matunda ya akina mama. Uchungu anao, ila haumwamrishi.

Hata ziwani ni hivyo. Mvuvi wa ndagala asiyeogopa upepo hatumkabidhi taa zetu za kuvulia, na yule anayepiga kelele kila wimbi likija hatumchukui pia.

Basi yule ambaye kweli hasikii kitu, chakula hakina ladha, mama yake analia naye anatazama tu, msimpigie makofi. Huyo ameumia. Mpelekeni kwa madaktari wanaotibu mambo ya akili, na msimwache alale peke yake siku nzima. Mwiteni kazini hata akisema hana hamu, kwa sababu mara nyingi hamu huja mtu akiwa tayari ameshika jembe. Jumamosi tunaezeka nyumba ya mjane mmoja huku juu, miti imeshakatwa. Mleteni, awe wa kutupitishia misumari.