Dwemer wa Kimamba

Katika gemu za The Elder Scrolls kuna watu waitwao Dwemer, ambao walitoweka wote kwa mara moja bila kuacha hata maiti. Mchezaji anayakuta makazi yao chini ya milima: kumbi za mawe, mabomba yanayopumua mvuke, buibui wa chuma wanaolinda milango ambayo mwenyewe hatarudi kuifungua. Mashine zinafanya kazi, wenye mashine hawapo. Nimecheza Morrowind, iliyotoka mwaka 2002, na Skyrim ya mwaka 2011, kwenye kompyuta kuukuu ya kaka yangu pale nyumbani Mikumi, usiku, malori ya kwenda Zambia yakinguruma nje. Sikuwahi kujali sana joka wala unabii. Nilichotaka ni kujua Dwemer walikuwa watu gani.

Raha yake ni kwamba gemu haikupi jibu. Inakupa vitabu vinavyopingana. Unasikia habari za Vita vya Mlima Mwekundu kutoka kwa Vivec, mungu anayetawala; halafu unakutana na Ashlanders, wahamaji wa jangwa la majivu, nao wana simulizi nyingine ambayo humo Vivec huyohuyo ni msaliti. Wengi wanakubaliana kwamba mhandisi mkuu Kagrenac aliugusa moyo wa mungu kwa zana alizozitengeneza, na watu wake wakatoweka. Walikufa? Walihama? Waligeuka kitu kingine? Chagua mwenyewe. Hata jina la mbilikimo wanaloitwa na watu wengi halikuwa lao. Inasemekana walipewa na majitu, ambao machoni pao kila mtu ni mfupi.

Kusoma magofu ya watu wasiokuwepo ni kazi tamu kwa sababu haina gharama. Ukikosea, hakuna wa kukasirika. Unaweza kusema Dwemer walikuwa wakanamungu wenye kiburi, au mashahidi wa akili huru, na hakuna bibi yao atakayekuja kukuuliza umeyatoa wapi. Hapo ndipo swali langu linapoanza: je, kufasiri ni kufasiri kweli kama hakuna anayeweza kukukatalia?

Ukweli ni kwamba katika Skyrim waliobaki wapo. Ndani ya magofu hayohayo wanaishi Falmer, vipofu, wanaomrukia kila anayeingia. Zamani walikuwa watu wa theluji. Waliposhindwa vita waliomba hifadhi kwa Dwemer, wakalishwa uyoga uliowapofusha, wakafanywa watumwa. Hakuna viumbe walio karibu zaidi na historia ile kuliko wao. Lakini huzungumzi nao. Unawaua ili upite, unaokota vyuma vya Dwemer, unaviyeyusha na kufua deraya. Mjini Markarth, mzee Calcelmo, bingwa wa elimu ya Dwemer, ana makumbusho ya mashine. Bomba lililopasuka ni ushahidi. Kibanda ambacho Falmer amekijenga kwa magamba ya wadudu ni mahali pa kupita ukiwa umeshika upanga.

Rafiki yangu mmoja wa darasani, tunayesoma naye uzamili wa falsafa, ananiambia: ni gemu, Falmer ni mistari ya programu, huwezi kumdhulumu mstari. Kweli. Sidai kwamba aliyeua Falmer mia moja ana dhambi. Lakini watengenezaji waliamua nani apewe maneno na nani anyimwe, na sisi wachezaji tukaona ni sawa kabisa. Hatukusita. Mazoea hayo ya kutenganisha vinavyosomeka na wasiosomeka hatukuyapata kwenye gemu. Tuliingia nayo.

Nina sababu ya kulisumbukia jambo hili. Ukifuata reli ya tawi iliyojengwa kwenda Kidatu, kutoka Mikumi kurudi kaskazini, unafika Kilosa, na mashariki ya Kilosa, kwenye Reli ya Kati, kuna Kimamba, alikozaliwa mama yangu. Ni nchi ya mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu ikiwa hai. Kutokana na hiyo yakaja mashamba yaliyojaa kutoka Tanga hadi kwetu, yenye kengele zake, reli zake ndogo za toroli, na katikati korona, mashine ya kukwangua majani yabaki katani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha ikashuka, ikashuka tena, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Kwa wasiolijua neno, korona ndiyo hiyo, tangu enzi za wakoloni. Bibi aliposikia redioni mwaka 2020 kwamba korona imeingia nchini, aliuliza imenunuliwa na nani.

Ukisimama kwenye jengo la korona la shamba moja la zamani kule, unaelewa kwa nini Dwemer wamenikaa kichwani. Paa limeondoka. Magurudumu yaliyobaki ni makubwa kuliko mtu, yameshikwa na kutu na mizizi. Kuna kibao chenye jina la kiwanda cha Ulaya. Hakuna kibao chenye jina la aliyekuwa akiyalisha majani. Kila mwaka vyuma vinapungua, maana vyuma chakavu vinauzwa kwa kilo, na vijana wanaovibeba wanafanya kilekile nilichokifanya mimi Skyrim, isipokuwa wao wana njaa ya kweli.

Babu yangu aliletwa pale miaka ya 1950 kutoka Njombe, akiwa manamba. Neno hilo ni “namba” tu: mtu aliyeandikishwa kwa nambari, akapakiwa, akashushwa. Nalo ni jina lililotolewa na majitu. Bibi, ambaye ni Msagara wa hapohapo Kilosa, alikuwa akianika katani kwenye kamba. Anasema utomvu wa mkonge unawasha usiku kucha na uchafu wa korona unanuka mpaka kwenye chakula. Hilo hakuna gofu lingeniambia. Chuma hakinuki mkonge tena.

Lakini nilipomuuliza kwa nini shamba lilikufa, alinijibu, “Mimi nilikuwa naanika, mjukuu wangu. Hayo waulize waliokuwa ofisini.” Jirani yake anasema ni kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967. Mwingine anasema kamba za plastiki za Wazungu ziliua bei. Wa tatu anasema mwenye shamba aliondoka na akili ya mashine. Vita vya Mlima Mwekundu, tena bila miungu.

Jibu la bibi lilinirudisha kwa Yagrum Bagarn. Katika Morrowind, chini ya mnara wa mchawi Divayth Fyr, kuna Dwemer mmoja aliye hai, mgonjwa, amebebwa na miguu ya mashine. Mchezaji anamfikia akiwa na hamu ya miaka elfu. Naye hajui. Siku watu wake walipotoweka alikuwa safarini katika ulimwengu mwingine. Aliporudi akakuta patupu. Wachezaji wengine huona hapo wametapeliwa. Mimi naona ndiyo sehemu yenye ukweli kuliko zote. Shahidi si kitabu cha majibu. Alikuwa mahali fulani, akifanya kitu fulani, na anajua kadiri ya hapo.

Basi faida yake nini? Wapo wanaosema mwenye historia ndiye mwenye neno la mwisho. Siafiki. Bibi anachanganya miaka, na jambo moja alilonisimulia mara mbili lilikuwa na vifo viwili mara ya kwanza na kimoja mara ya pili. Hana haki ya kuwa sahihi kila mara, kama mimi nisivyo nayo. Haki aliyo nayo ni ya kujibiwa: akisema sivyo, niliyeandika lazima nisimame nieleze. Siku moja nilimpelekea rafiki yangu yule wa darasani, akamuuliza kwa huruma sana juu ya mateso ya manamba. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba Jumamosi kulikuwa na ngoma, na kwamba yeye babu yetu hakumpata kwenye mateso. Rafiki yangu alianza kusema kitu kuhusu fahamu potofu. Akanyamaza, akaomba aelezwe ngoma gani.

Ninacho kipande cha babu, ile kadi ya siku za kazi. Visanduku 30, ukivijaza ndipo ulipwe. Hiki kina alama 26. Ndiyo maana kilibaki nyumbani: hakikukamilika, na siku zile 26 hazikulipwa. Nikikichukulia kama kitabu cha Dwemer, naweza kujenga nadharia nzuri sana juu ya visanduku vinne vitupu. Bibi anasema babu alishikwa na homa mwezi ule, basi. Mdogo wa babu, ambaye alikata mkonge mstari mmoja naye, anasema babu alifanya kazi siku zote, ila nyapara alikataa kumwekea alama kwa sababu ya ugomvi. Mwenyewe amekwisha kuzikwa.

Nimeandika simulizi zote mbili. Bibi alitaka nimsomee aliyoyasema shemeji yake, nikamsomea. Akakaa kimya kidogo, akasema, “Andika hapo chini: mwongo.”

Nimeandika. Wiki ijayo napanda basi kwenda kumsomea mwenzake.