Bei ya Kwanza ya Kariakoo

Dini mbili zenye waumini wengi Kariakoo, kila moja ina habari ya kuomba kupunguziwa, na zote mbili zinaanzia hamsini. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu anamsihi Mungu asiiangamize Sodoma endapo watapatikana wenye haki 50. Anashuka hadi 45, 40, 30, 20, na hatimaye 10. Katika habari za Miraji, swala zinafaradhishwa 50 kwa siku, Nabii Musa anamhimiza Mtume arudi kuomba takhfifu, anarudi tena na tena, mpaka zinabaki 5. Kwa hiyo mtu anayeona haya kusema "nipunguzie" pale Mtaa wa Kongo hana haja ya kuona haya. Ametanguliwa na wakubwa.

Ila maombi yale hayakuwa na hila, na Mtaa wa Kongo hila ipo nje nje. Tuchukue Januari, shule zinafunguliwa, watu wamebanana hata mkokoteni haupiti. Mama anashika begi la shule mlangoni mwa fremu.

"Hili bei gani?"

"Arobaini, mama yangu."

"Mimi nina kumi na tano tu."

"Mama, hiyo hata mtaji haijafika. Sema yako ya ukweli."

Wanavutana, mama anageuka kama anayeondoka, anaitwa, anarudi, na begi linatoka kwa sh 22,000. Kijana anayeuza alijua tangu mwanzo kwamba hatapata 40,000. Mama naye, aliyekuwa na 15,000 tu, ametoa noti tatu za elfu kumi na anangoja chenji. Nani amesema uongo hapo?

Wote wawili, angejibu George Fox. Mwasisi huyo wa jumuiya ya Marafiki, yaani Quakers, aliwafundisha wafuasi wake Uingereza katika karne ya 17 kwamba kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni kusema uongo, na Mkristo hana ruhusa hiyo hata sokoni. Wenye maduka miongoni mwao wakawa wanataja bei moja, basi. Mwanzoni wateja waliwakimbia, kisha wakarudi kwa wingi, kwa sababu hata mtoto aliyetumwa dukani aliuziwa sawa na mzazi wake. Marafiki walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina waumini wengi wa jumuiya hiyo kuliko nchi nyingine yoyote. Masoko ya huko, hata hivyo, yanaendelea kupatana bei bila wasiwasi.

Augustino wa Hippo, aliyeandika juu ya uongo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Fox, anatoa njia nyingine. Kwake uzito upo kwenye nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho, 40,000 ya yule kijana inaweza kupona: mama hakudanganyika nayo hata kidogo, na kijana hakutarajia adanganyike. Ilikuwa namna ya kufungua mazungumzo. Hoja hii inaridhisha, lakini imesimama juu ya sharti moja, kwamba wote wawili wanaujua mchezo.

Na Kariakoo haijai wanaoujua mchezo tu. Yupo aliyeshuka jana kwenye basi kutoka Songea au Kigoma. Huyo hudakwa na winga kabla hajafika dukani. Winga hana fremu wala mzigo. Alichonacho ni ulimi na ujuzi wa duka lipi lina nini. Anamwita mgeni "anko", anamshika mkono, anachukua bidhaa kwa mwenye duka, anaongeza cha juu chake. Mara nyingine anatokea mwenzake anayejifanya mteja, anasifia kwamba jana kachukua mbili. Mchezo huo wa kupandisha bei kwa mnunuzi wa uongo una jina katika fikihi, najshi, na Mtume aliukataza waziwazi.

Cha juu chenyewe ni mjadala mwingine. Kumtembeza mgeni ni kazi, na kazi ina ujira. Swali ni la yule asiyejua bei, asiyejua kupatana, anayemwamini muuzaji amtajie bei ya haki. Wanazuoni wa Kihanbali wanamwita mustarsil, na akipunjwa kupita kiasi wanampa haki ya kuvunja mauzo. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hawampi haki hiyo kwa sababu ya kupunjwa peke yake: alipaswa kuuliza kwingine kabla ya kutoa pesa. Kwa ukali wake, hukumu hiyo inafanana sana na ile ya mtaani, kwamba mjini shule. Wahanbali ndio waliomwona mtu mwenyewe.

Biblia nayo inamwonyesha mgeni akinunua, na ni Ibrahimu yuleyule. Sara amefariki, hana pa kumzika, anamwendea Efroni Mhiti kununua pango la Makpela. Efroni anaanza kwa adabu nyingi, chukua tu bure, kisha katikati ya adabu hiyo anamtupia bei: shekeli 400 za fedha. Karne nyingi baadaye Yeremia alinunua shamba kwa shekeli 17. Vipande hivyo viwili vya ardhi huenda havilinganishiki, lakini wafasiri wengi wameiona 400 kuwa kubwa mno. Aliyembembeleza Mungu kwa ajili ya Sodoma hapa hafungui kinywa. Anapima fedha mbele ya watu, analipa. Ni mgeni, tena mfiwa, na Efroni anajua yote mawili.

Mnunuzi naye asijione malaika. Mithali, sura ya 20, inamcheka anayeiponda bidhaa mbele ya muuzaji kisha akaenda kujisifu kwa alivyoipata. Hadaa ya namna hiyo inazidi uzito jioni, mteja anapomwona machinga anakunja turubai, hajauza, na anajua leo atakubali chochote.

Lakini uongo mgumu zaidi wa Kariakoo ni ule ambao muuzaji na mnunuzi wanakubaliana. Begi limefika 22,000, kila mtu ameridhika, na ndipo kijana anauliza kama mama anataka na risiti. Akitaka, aongeze kama elfu nne, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Augustino hawezi kuwatetea hapa, kwa kuwa anayedanganywa hayupo kwenye mazungumzo. Wafanyabiashara wana majibu yao. Mei 2023 walifunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Kero zao nyingi zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja inayoeleza kwa nini punguzo la mama litoke kwenye mfuko wa umma badala ya faida ya duka. Shule ambayo mwanawe ataendea na begi hilo huenda inaendeshwa kwa mfuko huohuo.